Wakubwa wa mpira, tukishapanda kosta msituhamishie mechi

Barua ya wazi kwenu mnaopanga ratiba za ligi za chini, mnaokagua viwanja na mnaosimamia mageti siku ya mechi

Wakubwa shikamooni, na wale wa rika langu mambo vipi.

Nawaandikia kutoka Songea. Naanza na ombi lenyewe kabisa mana najua barua ndefu mnasoma mistari ya juu alafu inaingia kwenye faili. Tunaomba hivi, mechi ya Championship, ile ligi iliyo chini ya ligi kuu, ikishatangazwa tarehe, saa na uwanja, zikibaki siku kumi isiguswe tena. Ikiguswa iwe kwa jambo la kweli, mvua imekata barabara, msiba wa taifa, vitu vya hivyo. Na ikiguswa watu wote waambiwe saa ileile barua inapogongwa muhuri, sio timu ipigiwe simu kimyakimya na sisi tuje kusikia tukiwa tumeshavuka mikoa mitatu. Hilo ndo kubwa, mengine ntayasema humo humo njiani.

Najua kuna mtu hapo ofisini atauliza, mashabiki gani tena hao wa ugenini kwenye Championship, kwani wapo? Wapo bwana. Hamtuoni kwasababu hatuji na msururu wa mabasi yamebandikwa picha ubavuni kama wenzetu wa Kariakoo, Simba na Yanga, sisi tunakuja na kosta moja, siku nyingine Noah mbili, siku nyingine watu wanapanda basi la kawaida la abiria jezi wamekunja kwenye begi mpaka wafike. Kelele yetu ngoma mbili na filimbi. Na sio Songea tu, Musoma wapo, Tanga wapo, Moshi wapo, Mbeya City iliposhuka 2023 watu wake walishuka nao wakawa wanazunguka nao huku chini mpaka waliporudi juu 2025. Mtibwa vilevile, timu iliyobeba ubingwa wa nchi 1999 na 2000 ikaja kucheza na sisi huku, na walikuja na watu.

Sisi Songea mpira tumeurithi. Timu yetu ya Majimaji, tunayoiita Wanalizombe, mtu mzima yeyote hapa mjini atakupigia stori mpaka chai ipoe. Iliposhuka 2018, pamoja na Njombe Mji msimu uleule, ligi kuu tukabaki kuiona kwenye vibanda umiza kwa jero. Kwahiyo timu yoyote ya Songea inayopambana huku chini, watu wanaibeba kama mtoto wa dada aliyebaki na bibi, hakuna anayelazimishwa ila kila mtu anatoa. Na kutoa kwenyewe sio maneno. Watu wanachanga.

Sasa ngoja niwaelezee safari inavyopangwa, mana nahisi hamjui, na mimi siwalaumu kwa hilo, mtu anayesafiri kwa ndege au kwa gari la ofisi lenye dereva na mafuta yamelipwa hawezi kujua.

Ratiba ikitoka tu, katibu wa tawi anaizungushia kalamu mechi za ugenini. Timu ziko 16, kwahiyo mechi 30, na nusu yake ni za ugenini. Zote hatuwezi, hakuna mwenye pesa hiyo, tunachagua chache. Njombe na Mbeya zikiwepo ni za lazima, hizo ni za jirani. Mtwara angalau saivi lami ipo kutoka hapa mpaka Tunduru mpaka Masasi, zamani ile njia ilikuwa adhabu. Dar ni zaidi ya kilomita 900. Kanda ya ziwa ndo yenyewe, ile ukienda ukirudi unaheshimika mtaani. Wenzetu walioko Dar saivi wanapanda SGR mpaka Dodoma kwa elfu 31 wamekaa kwenye kiyoyozi, sisi huku reli ya karibu ni TAZARA nayo mpaka ufike Makambako kwanza.

Mchango unaanza mwezi mzima kabla. Kwenye grupu la wasapu mweka hazina anaposti majina na kiasi, aliyetoa elfu kumi anawekewa tiki, asiyetoa anawekewa alama ya kuuliza, na ukiona alama yako ya kuuliza imekaa wiki mbili unaona aibu unaenda kukopa. Boda anatoa ya siku, mama ntilie anatoa ya siku, mwalimu anasubiri mshahara. Alafu kosta inatafutwa, mwenye kosta anataka advansi, na gari likitoka nje ya ruti yake linahitaji kibali, na kibali kinaandikwa tarehe ya kwenda na tarehe ya kurudi. Hapo mnanielewa? Tarehe. Mnapoisogeza mechi siku mbili mnasogeza na kibali, na siku za gari, na posho ya dereva, na ruhusa ya mlinzi ambaye kamwachia mwenzake lindo kwa makubaliano ya kirafiki.

Kingine kinachonichekeshaga, bei ya mafuta EWURA, wale wasimamizi wa nishati, wanaitangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Mafuta, kitu kinachoamuliwa na soko la dunia huko na meli na dola, sisi tunajua lini tutaambiwa. Mechi ya watu 22 na mpira mmoja kwenye uwanja ambao haujahama tangu umejengwa, hatujui.

Ntasema safari moja tu, nyingine zinafanana. Mechi ilikuwa Jumamosi saa 10 jioni, mji mmoja wa kanda ya ziwa, sitautaja mana watu wa pale hawana kosa lolote. Tumeondoka Songea Alhamisi saa 12 jioni. Ile njia mnaijua, Madaba, milima ya Lukumburu usiku na ukungu wake, kosta inapanda kwa gia ya pili watu wote kimya, ngoma imewekwa miguuni kwa kondakta. Njombe baridi kali. Makambako tukashuka kunywa chai saa 6 usiku, na hapa niwashukuru waliorudisha ruhusa ya magari ya abiria kutembea usiku ile 2023, imetuokoa sana sisi, zamani tungelala hapo. Iringa alfajiri, tukapita Mtera kumekucha wanauza samaki wa kukaanga, watu wakanunua wakala kwenye mifuko. Dodoma asubuhi, tukanyoosha miguu, tukaendelea Manyoni.

Tukafika Singida mchana wa Ijumaa. Tumepaki pale pembeni wanapouza mafuta ya alizeti kwenye madumu, dereva anapiga tairi upepo, watu wanapatana bei ya kuku. Simu ya katibu ikalia meseji. Ni skrinishoti ya barua, imepigwa picha kwa pembeni ina kivuli cha mkono wa mtu, mechi imesogezwa mpaka Jumatatu, "kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo". Tukaikuza ile picha kwa vidole tuone tarehe. Barua imeandikwa Alhamisi. Alhamisi ileile. Yaani wakati sisi tunapakia ngoma Songea stendi, ile barua ilikuwa tayari ina sahihi na muhuri iko kwenye meza ya mtu, kaenda zake nyumbani, na ikaja kuwekwa mtandaoni kesho yake mchana.

Hapo ndo penye hoja yangu yote wakubwa. Sababu ya kusogeza inawezekana ilikuwa nzuri tu, sijui na sina ugomvi nayo. Mngeiposti ile barua Alhamisi saa 9 mchana tungelala nyumbani kwetu. Masaa machache tu ya mtu kubonyeza simu. Kilichotokea Singida ni watu kugawanyika. Wale wa kazi za kuajiriwa wakatafuta basi la kurudi, kwa nauli yao wenyewe, wengine hawana wakakopeshana pale pale. Waliobaki wakaendelea na kosta, wakalala kwenye siti usiku wa Ijumaa, wa Jumamosi na wa Jumapili kwenye kituo cha mafuta ambacho mlinzi wake alikuwa mwungwana akawaachia choo. Mwenye kosta anapiga simu kila baada ya masaa mawili. Jumatatu timu yetu imekuta watu wake jukwaani wachache, wamechoka, sauti hamna, na wachezaji nao walikuwa wamekaa gesti siku mbili za ziada ambazo klabu haikuwa na bajeti nazo. Tukafungwa, lakini hilo ni la mpira.

Na afadhali kusogezwa mbele kuliko kurudishwa nyuma. Mechi ya Jumapili ikiletwa Jumamosi wakati watu wako njiani, unajua kinachofuata? Dereva anaambiwa kanyaga. Mwendo wa sheria kwa gari la abiria ni 80, tochi za trafiki ziko kila kona, faini ni elfu 30 kwa kosa, na watu ndani ya gari wanasema tulipe tu tuwahi. Mimi sitaki tuwahi namna hiyo. Dereva hajalala, njia ya Sekenke ile na malori yake, na sisi ndani tunaimba. Siku likitokea la kutokea mtatuma rambirambi nzuri kwenye ukurasa wenu, na hiyo mtaiposti haraka.

Machi 8, 2025 nchi nzima ilionja hiki ninachokisema. Dabi ya Kariakoo, watu wameshasafiri kutoka mikoani, wengine wameshafika Dar wamevaa jezi, mechi ikaahirishwa siku ileile. Ikaja kuchezwa Juni 25. Redio zilichambua wiki nzima, mawakili wakaongea, kila mtu akawa na huruma na shabiki aliyetoka Mwanza na Mbeya. Vizuri sana. Huku chini tunaishi hivyo na hakuna redio.

Kuhusu sababu zenyewe za kusogeza, ngoja niwe mkweli, zingine tunazikubali kabisa. Mei 2024 kimbunga Hidaya na zile mvua zilipokata barabara ya kusini pale Somanga, nani angesema mechi ya Lindi au Mtwara ichezwe? Hakuna. Kombe la shirikisho likiingia katikati nalo tunaelewa. Tatizo ni hizi mbili zingine, shughuli za uwanjani na kufungiwa viwanja.

Viwanja vingi vya mikoani ni vya CCM, hilo mnalijua na watoto wanalijua. Kwahiyo kuna siku uwanja una mkutano, kuna siku una tamasha, kuna siku una maadhimisho, hatukatai, wenye uwanja wana haki na uwanja wao. Lakini mkutano wa hadhara hauamuliwi usiku mmoja, jukwaa linafungwa siku kadhaa, vibao vinabandikwa mjini, boda wote wanajua. Hivi inakuwaje muuza miwa nje ya geti ajue Jumapili kuna mkutano alafu mpanga ratiba asijue? Pigeni simu kwa meneja wa uwanja kabla hamjatoa ratiba, mara moja kwa mwezi inatosha, mpige muulize mwezi ujao una nini hapo. Bando lipo bei rahisi.

Kufungiwa uwanja nako, sisi hatutetei uwanja mbovu. Tumekaa kwenye viwanja vyumba vya kubadilishia havina maji na sehemu ya kuchezea ina visiki vya nyasi mchezaji akianguka anaamka na kidonda. Fungieni. Ila ukaguzi ufanyike kabla ligi haijaanza na katikati ya msimu wakati wa mapumziko, sio timu ya nyumbani inafungiwa uwanja Jumatano na mechi ya Jumapili inahamishiwa mkoa mwingine. Kwa timu ni hasara. Kwetu sisi ni gari limekodiwa kwenda Musoma alafu mechi ipo Arusha. Hiyo sio njia moja hata kwa ramani ya mtoto wa darasa la tatu.

Na safari ndo inayoua mpira wetu kuliko tunavyokubali. Oktoba 2021 Biashara United, timu ya Musoma kabisa, ilimfunga Al Ahli Tripoli 2-0 kwenye kombe la shirikisho Afrika, alafu kwenda Libya kwenye marudiano ikashindikana. Mabao mawili mkononi na hawakufika uwanjani. Kama kusafiri kunaweza kukwama kwa timu inayowakilisha nchi, fikirieni timu ya Championship inayokwenda mwisho wa nchi kwa basi la kukodi na deni la hoteli la mechi iliyopita. Ikishindwa kufika inapokwa mechi na pointi zinakatwa juu. Nyie mkichelewesha barua hamkatwi kitu.

Kwahiyo nina wazo, na sio geni, kuna misimu limewahi kutokea kwa bahati tu na lilitusaidia. Timu ikitoka huku kusini kwenda kanda ya ziwa, ipangiwe mechi mbili kwenye safari moja. Jumamosi mji mmoja, Jumatano au Jumamosi inayofuata mji mwingine wa karibu, alafu irudi. Na ya kanda ya ziwa wakija kusini hivyohivyo, wacheze Songea wamalizie Njombe au Mbeya. Klabu inaokoa mafuta ya kwenda na kurudi mara moja nzima. Na sisi tukiamua kwenda tunajua tunaenda kwa wiki, mtu anaomba likizo yake inaeleweka. Na mechi za mbali zaidi ziwekwe Jumamosi au Jumapili jamani. Jumanne saa 10 jioni kwa mtu wa kutoka Songea kwenda Bukoba, hiyo ratiba inamwambia usije. Najua viwanja vingi huku chini havina taa, lazima mechi iishe kabla giza halijaingia, sawa, lakini hata Jumamosi kuna mchana.

Sasa tukishafika getini.

Getini ndo kuna vituko. Tiketi ya mzunguko, yale majukwaa ya bei ya chini, ni buku mbili au tatu, sio pesa ya kugombania, lakini ukifika na jezi ya wageni bei inabadilika usoni kwako, mara wageni mlango wenu ule wa nyuma, ukienda wa nyuma umefungwa, mwenye funguo kaenda kula. Mechi imeanza mnasikia kelele ukutani. Siku moja tumeingia ndani dakika ya thelathini, goli tumelikosa na lilikuwa letu.

Alafu upekuzi. Upekuzi wa usalama tunaukubali, chupa, visu, fataki, kamata. Lakini mnajua na mimi najua kuwa pale getini wanachotafuta ni kingine, wanaitafuta kamati ya ufundi, yaani watu wa uchawi wa timu. Mama mmoja wa tawi letu, mtu mzima, alikuwa na kikohozi safari nzima, kwenye mkoba ana ndimu mbili na chumvi kwenye kikaratasi cha daftari. Jamaa wa getini kaziona zile ndimu kashtuka kama kaona bomu. Akaita wenzake. Wakaja wakaziangalia bila kuzigusa. Mmoja akasema mwambie azile hapahapa. Yule mama akazikata kwa meno akazila na chumvi yake mbele yao akiwaangalia, mpaka maganda, akawauliza mnataka na mkoba nao niutafune? Tulicheka mpaka askari wa FFU akacheka. Ila ngoma zetu walizizuia, wakasema ngozi ile haijulikani ya mnyama gani. Ngoma ya lizombe, inapigwa kwenye harusi na kwenye sikukuu mbele ya viongozi wa serikali, inazuiwa kwenye mpira. Mechi nzima tukapiga makofi.

Mkitoa mwongozo wa ukurasa mmoja tu, kwamba shabiki mgeni anaruhusiwa kuingia na hiki na hiki, mlango wake ni huu, unafunguliwa saa fulani, ukabandikwa getini na ukatumwa kwa matawi, haya yote yanaisha na hamjatumia hata shilingi ya kujenga. Wekeni kamba na askari wawili kwenye kona moja ya mzunguko, hiyo ndo sehemu ya wageni, imetosha, hatuombi viti. Choo cha wanawake kiwe na mlango unaofungwa. Na mechi ikiisha tusiachiwe wote geti moja na watu ambao timu yao imefungwa, mtuache dakika kumi na tano humo ndani au mtutoe kwanza, chagueni lolote, mana mawe kwenye vioo vya kosta analipa aliyekodi. Uingereza kwenye ligi kuu yao tangu msimu wa 2016/17 tiketi ya shabiki mgeni haizidi pauni 30, walikaa wakaona huyu mtu ameshalipa nauli tusimkamue tena. Sisi hatuombi hata punguzo, tuuzieni kwa bei ileile ya mwenyeji, na ikiwezekana tawi lilipie kwa simu mapema wakatiwe za watu wao, tufike tuingie.

AFCON 2027 inakuja kwetu, Kenya na Uganda. Arusha uwanja unajengwa, Mkapa umekarabatiwa, CHAN tumepita nayo Agosti 2025 na tukajipongeza. Watakuja watu kutoka Senegal na Misri na Morocco wameshika tiketi na tarehe za ndege, na hao ukiwahamishia mechi au ukawafungia mlango wa nyuma hawatakaa kwenye kosta wakisubiri, wataandika dunia nzima isome. Wale wanaojitolea getini, wale askari, wale mameneja wa viwanja, wanajifunzia wapi kupokea mgeni wa mpira? Jukwaa la kujifunzia lipo, ni sisi, kila wiki, bure, na tunaongea Kiswahili kwahiyo hata mkikosea tutaelewana.

Mtasema mbona unaandika hadharani, si ungeleta ofisini. Tumeleta. Barua ya tawi imepelekwa kwa mkono, ikapokelewa, ikagongwa muhuri kwenye nakala yetu, muhuri mzuri tu wa bluu, na ikaishia hapo. Tukaenda kwa njia ya klabu, viongozi wakasema wao wenyewe wana barua zao hazijajibiwa na wanaogopa kuonekana wasumbufu wakati wana rufaa ya kadi. Nimeona niandike huku kila mtu asome, na mwenye tawi lake Shinyanga au Tanga au Babati akiona yanafanana aongeze la kwake.

Na nisisahau, kuna watu wenu wazuri. Kuna kamisaa mmoja wa mechi, mkoa wa huku nyanda za juu, alikuta mlango wa wageni umefungwa akakataa mechi ianze mpaka ufunguliwe, alisimama mwenyewe na saa yake mkononi mpaka mwenye funguo akaletwa kwa boda. Mechi ilichelewa kidogo, hakuna aliyekufa. Simtaji jina nisije nikamponza, ila anajijua, na jukwaani kwetu akipita anapigiwa makofi kuliko refa yeyote.

Mzunguko wa pili tumeshaanza kuuchangia. Safari ya kanda ya ziwa ipo tena kwenye ratiba na majina yameshaanza kuwekwa tiki kwenye grupu, yule mama wa ndimu ni wa kwanza kwenye orodha. Advansi ya kosta tunatakiwa tuilipe mwisho wa mwezi huu, na mwenye kosta safari hii kasema ikilipwa hairudi hata mechi ihamishiwe Zanzibar. Kwahiyo tunaomba kabla ya hapo mtuthibitishie kitu kimoja, tarehe iliyoandikwa ndo hiyohiyo au mna shughuli nyingine uwanjani? Namba ya katibu wa tawi ipo kwenye ile barua yenye muhuri wenu wa bluu. Hata meseji inatosha.

Wenu,
Shabiki wa ugenini, Songea